Glavu Yako, Mzee Walter

Mzee Walter,

Chumba chako hapa kwenye nyumba ya wazee ya Granville kimepata mtu mwingine, mama mmoja, na sisi wauguzi barakoa bado hatujavua. Lakini sikuandikii salamu. Glavu yako ya besiboli imepotea.

Mpwa wako alikuja kuchukua vitu vyako, akafungua droo, akaikosa, kisha akanitazama mimi. Mwafrika aliyekuwa akikuogesha, nani mwingine? Nami nikamtazama yeye. Si ulinionya mwenyewe, "Huyo, Nekesa, usimwondolee macho"? Nikamshuku hata Achieng wa zamu ya asubuhi, aliyezoea kunicheka: "Huyo mzee anakubeba ufala, anakuona mjinga. Besiboli gani?"

Nisamehe, hata mimi sikukuamini. Ati ulivuka bahari ukiwa kijana, ukalipwa kudaka mipira Marekani, wakati hapa Sydney watu waliicheza besiboli Jumamosi kujifurahisha tu. Ati kidole gumba kilivunjika, ukacheza nacho hivyo hivyo mpaka msimu ukaisha, ndipo ukarudi kufanya kazi kiwandani. Nilitafuta jina lako kwenye simu, sikuona kitu. Nikasema moyoni, wazee wa kila kabila hutia chumvi. Mpaka siku uliponivisha ile glavu. Gumba langu liliingia mahali palipopinda vilevile kama gumba lako. Hapo nilikuamini.

Wiki ya mwisho hukumtambua mtu. Sote tulikuwa tumefunika nyuso, ukatuita majambazi, ukakumbatia mto wako usitake tuuguse. Ulipofariki, amri ya kuzuia maambukizi ilikuwa moja: matandiko yote, hata mto, kwenye mfuko wa manjano, ufungwe, ukachomwe. Niliufunga mimi.

Jana nilibadilisha mto wa huyu mama. Ulikuwa mwepesi. Nikaupima tena mikononi.

Wako ulikuwa mzito, Mzee. Nilidhani ni uchovu wangu.

Uliificha glavu humo, tusikuibie. Nami nimeshuku kila mtu, nikamsahau aliyefunga mfuko. Naona aibu.

Mpwa wako anarudi kesho kutia sahihi fomu ya vitu vyako. Nitamwambia yote, kazi iende ikitaka. Kisha nitamwambia kwamba ulicheza, na kwamba gumba langu lilipaona mahali pale palipopinda. Akicheka, nitamwambia tena.

Lala salama, Mzee wangu. Shahidi umebaki naye mmoja, na ndiye aliyechoma ushahidi.

Nekesa