Vidonge vya Mama Si vya Mwanahamisi

Mwanza

Mdogo wangu Shamte,

"Kisukari ni kisukari, dada. Chupa hii ya dawa ya sindano ikiisha hatufuati nyingine. Mtoto atakunywa vidonge vya bibi yake." Ndivyo ulivyoniandikia, na umekosea tangu neno la kwanza. Lakini salamu kwanza: assalamu alaykum. Mama anaendeleaje na miguu? Mpunga umeinama, au nguruwe wamewatangulia?

Mimi nipo. Kiwanda chetu kimepata mmiliki mpya, nusu yetu tumepunguzwa kazi, nami sasa nauza vitumbua ambavyo mwenyewe sivili. Maana na mimi ninayo sukari, tangu masika. Nilibishana na daktari, unanijua. Nikamwambia huu ni ugonjwa wa wenye maduka, mimi nimeshindia mihogo maisha yangu yote. Akacheka. Basi nikamuuliza habari za mwanao Mwanahamisi: mbona mimi mtu mzima napewa vidonge, na yeye wa miaka kumi achomwe kila siku?

Akasema, "Mama, kinu chako kimechakaa lakini bado kinatwanga; vidonge vinakisaidia. Mtoto huyo hana kinu. Dawa ambayo mwili wako unaitengeneza, wake hauitengenezi. Akikosa sindano siku chache tu, anakufa."

Nimesoma vitabu viwili kutafuta pa kumpinga. Sikupapata. Ipo hata sukari ya wajawazito, ambayo mara nyingi huondoka wakishajifungua. Jina moja, magonjwa mbalimbali. Mwanahamisi hakuipata kwa ulafi, wala kwa jicho la mtu.

Unasema safari ya mashua na lori kwenda hospitali ya Kibiti ni ndefu. Ni ndefu, kweli. Lakini nyuma ya barua yako mwanao ameandika kwa penseli: "Shangazi, sindano najichoma mwenyewe. Baba ndiye anayegeukia ukutani."

Kumbe ni hilo.

Nisalimie Mama, umwambie vidonge ni vyake peke yake. Msalimie wifi yangu, anayeihifadhi chupa ndani ya mfuko kwenye mtungi wa maji, amefanya vyema. Mwalimu aliyekuletea barua hii anarudi Kibiti Jumatatu. Panda naye mashua, Shamte, ukachukue chupa nyingine kabla hiyo haijaisha. Na mtoto akijichoma, kama huwezi kutazama, toka nje.

Dada yako,
Mwajuma