Droo Iliyokwama na Nesi Niliyemsingizia

Jumatatu, saa moja jioni. Upepo wa leo umelibeba vumbi lote la barabara ya Dodoma na kulileta hapa kwetu Bonga. Nimeoga mara mbili, mikono bado inanuka grisi. Mgongo nao unanikumbusha umri wangu kila nikiinama.

Nimechoka, shajara. Na huu si uchovu wa kazi peke yake.

Kwa anayepita kwenye shajara hii ya mtandaoni kwa mara ya kwanza: mimi ni dereva na fundi wa kliniki inayotembea. Gari letu ni nyumba ya magurudumu, tulilipata likiwa limeshatumika na wazungu kwa matembezi yao. Ubavuni lina chumba kizima kinachosukumwa nje kwa mota mkishaegesha, na mkitaka kuondoka kinarudi ndani. Sisi tunakiita droo. Humo ndimo kilipo kitanda cha kupimia wajawazito. Droo ikigoma kurudi, hamwendi popote, kwa sababu hakuna barabara ya kupita na chumba kimechomoza ubavuni.

Leo iligoma.

Tulikuwa tuondoke asubuhi kwenda Simanjiro. Kesho huko ni siku ya mnada, na siku ya mnada ndiyo akina mama wa bomani wanakuja na waume zao wanaoleta ng'ombe. Ukikosa mnada, umewakosa mpaka mwezi mwingine, na wengine mimba hazingoji mwezi mwingine.

Kufunga droo tunafanya watu wawili. Nesi wetu, Mama Glory, anabonyeza kitufe akiwa ndani. Mimi nasimama nje naangalia pande zote mbili ziende sawa. Leo ilisogea kama shubiri moja, ikakoroma, upande wa nyuma ukasimama na wa mbele ukaendelea. Ikaenda kombo. Nikapiga kelele, "Achia!"

Aliachia hapohapo. Naandika hivi kwa sababu ndiyo kweli.

Ila Daktari, mganga mfawidhi wetu, alipotoka kuuliza kuna nini, wenzetu wote wakiwa wamesimama uani na mabegi yao, mdomo wangu ulisema jambo lingine. Nilisema, "Nesi amelazimisha. Nimemwambia aachie, akaendelea kubonyeza." Sijui ilitoka wapi. Nadhani ilitoka mahali pale ambapo fundi wa miaka mingi hataki kuonekana hajui.

Mama Glory aliniangalia tu. Daktari, ambaye naye alikuwa na hasira ya safari kuharibika, akamwambia kesho abaki, ataenda nesi mwingine. Huyo mwingine ni binti mzuri, lakini Kimaasai hajui hata salamu. Mama Glory amekulia huko. Akina mama wale wanamwambia yeye mambo ambayo hawamwambii mtu kupitia mkalimani.

Mimi nikachukua bisibisi.

Nilianza na betri, maana betri ikiwa dhaifu mota inavuta upande mmoja kwa shida. Ilikuwa nzima. Fyuzi nzima. Nikaweka pimamaji sakafuni, kwa sababu gari likiegeshwa kwenye mteremko droo inajibana yenyewe. Lilikuwa limelala sawasawa. Nikapapasa raba za pembeni, hakuna iliyojikunja. Nikapanda juu ya paa la droo, sikukuta jiwe wala tawi. Kila nilipokuta kitu kizima moyo ulizidi kuwa mzito, kwa sababu kila kizima kilikuwa kinanisogeza karibu na jambo ambalo sikutaka kulijua.

Saa nane nikalala chali chini ya gari, nikafungua mfuniko wa reli ya nyuma.

Mbaazi.

Zilikuwa zimejaa kwenye meno ya gia, zilizosagika na nzima nzima, zimeshikana na grisi ya zamani mpaka zikawa kama udongo wa kufinyangia. Niliziangalia nikiwa nimelala pale pale, na nilijua ni za nani.

Alhamisi tulikuwa na kliniki Mutuka. Mzee mmoja ambaye mkewe tulimhudumia akaniletea gunia dogo la mbaazi za shambani kwake. Zawadi ya mkulima hairudishwi. Ukiirudisha umemwambia shamba lake halitoshi. Basi nikalipokea kwa mikono miwili, nikalisukuma chini ya kitanda, ndani ya droo. Juu ya mlango huohuo kuna maandishi mekundu, mwandiko wangu mwenyewe: HAKUNA MZIGO NDANI YA DROO. Mama Glory aliyaonyesha kwa kidole. "Baba Ema, na sheria?" Nikamjibu kwamba sheria ni ya abiria, dereva ana yake. Tukacheka. Nilipolibeba gunia kwenda nyumbani niliona lina tundu kwenye kona, sikujali. Jana tumekula mbaazi kwa wali, na nikaongeza.

Nilizichokoa kwa bisibisi na mswaki mkuukuu. Nikafuta reli mpaka ikawa kavu, maana kwenye vumbi letu hili reli yenye grisi nyingi inakusanya kila kinachopita. Nikaingiza hendeli, nikairudisha droo kwa mkono, robo mzunguko kwa robo mzunguko, mpaka pande zote mbili zikalingana. Kisha nikabonyeza kitufe. Ikaingia yote.

Wenzangu wakapiga makofi. Mlinzi akasema, "Fundi, wewe ni kiboko." Nilitabasamu. Mbaazi zilikuwa ndani ya kofia yangu, nimeikunja.

Nakiri pia hili: nilizitupa chooni.

Nilikaa na siri hiyo kama saa moja hivi. Saa kumi nikampigia Daktari, nikamweleza yote, hata la chooni. Akasema Mama Glory aende kesho kama ilivyopangwa. Hakunigombeza. Nikajiona mwepesi, nikapanda baiskeli mpaka Nakwa anakokaa Mama Glory, kumpelekea habari njema mwenyewe.

Alikuwa anaanika sare zake. Aliponiona akaacha, akasema kama anavyosema kila siku, "Shikamoo, Baba Ema."

Nilishuka kwenye baiskeli bila kuitika marahaba. Nimeitika marahaba maisha yangu yote bila kufikiri kwamba ni kitu unachopaswa kustahili. Mwisho nikasema tu, "Mama Glory, zilikuwa mbaazi zangu."

"Najua," akasema. "Niliwaza hivyo ilipokoroma."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema kama angesema pale, wangeona anajitetea. Nikamweleza nimeshaongea na Daktari, na kwamba kesho anasafiri.

"Asante kwa hilo. Lakini ulinisema mbele ya watu, baba yangu. Kwa Daktari umenisafisha. Kwa wale wengine bado mimi ndiye mharibu gari. Sipandi mpaka wasikie kwako."

Hakupandisha sauti. Alinikaribisha chai, nikasema nawahi. Akanisindikiza mpaka njia kubwa kama mgeni wa heshima, akaniaga vizuri. Afadhali angenitukana.

Kwa hiyo sasa suala si droo tena. Droo ni nzima. Suala ni kwamba kesho saa kumi na moja alfajiri tunasali uani kabla ya kuondoka, na baada ya amina lazima niseme. Nisiposema, gari litaenda Simanjiro likiwa zima kabisa, na akina mama watapanda ngazi wakimtafuta mtu ambaye hayumo.

Nimekuwa nafanya mazoezi hapa mezani, kwa sauti ndogo. Nilisema hivi: "Ndugu zangu, wiki iliyopita panya walitoboa gunia..." Mke wangu akachungulia kutoka jikoni, kijiko mkononi.

"Unaanza na panya?"

Nikamwangalia. Akarudi kwenye chungu chake.

Nimefuta, nimeandika upya. Sasa inaanza hivi: Nilimsingizia Mama Glory.

Nikishalisema hilo, mengine wataniuliza wenyewe, nami nitajibu.