Homa ya Dada Mwanaidi

Mjukuu wangu Idi,

Sie huku Temeke wazima. Mama yako mguu umepona, na mdogo wako kaanza shule. Umeniuliza kama buibui wa chumbani kwako huko Mwanza ni wa hatari.

Enzi za Mwingereza, katika nyumba hii hii, dada yangu Mwanaidi alishikwa na homa. Ikamwacha, na baada ya siku chache ikarudi. Mama akawashuku buibui, nami nikawafagia wote. Homa ikarudi tena, safari hii akawa hanijui hata mimi.

Mtoa dawa wa zahanati akaniuliza, "Analala wapi?"

"Chini, kwenye mkeka," nikamjibu, nikamweleza na habari ya buibui.

Akaja nyumbani, akachokonoa ufa wa sakafu karibu na ukuta. Kikatoka kitu cha kijivu kama punje ya udongo. Tulipokiinamia, kikaanza kutembea.

"Papasi," akasema. "Ni kupe wa nyufani, huuma watu usiku wakilala. Huyu ndiye anayeleta homa hii. Buibui mmewaonea bure."

Dada alipona kwa sindano. Tukakandika sakafu upya, na baba akatununulia kitanda.

Buibui wengi wa nyumbani hawana neno, ila usiwashike. Wewe chungulia kwenye nyufa na chini ya godoro. Na ukiumwa homa, mwambie daktari unalala wapi, hata asipokuuliza.

Ni mie bibi yako,
Salima