Sikio Moja kwa Ajili ya Mtaa

Mjukuu wangu Rehema,

Huku Temeke hatujambo, bibi yako anakusalimu. Umeuliza kwa nini nawakataza wanafunzi wangu wa u-DJ kuziba masikio yote mawili.

Nilipokuwa mwanafunzi nilipiga muziki harusini Chang'ombe, hedifoni imeniziba masikio yote mawili. Adhana ya alasiri ikaanza, mie naendelea. Nilipoinua kichwa, watu wameacha kucheza na baba wa bibi harusi ameshika waya wa umeme wa spika, tayari kuuchomoa.

"Mnaniaibisha mbele ya msikiti! Fungasheni!"

Mwalimu wangu akazima muziki, akasimama mbele yangu. "Shikamoo, mzee. Kosa langu. Sikumfundisha kusikiliza mtaa."

Mzee akahema. "Marahaba." Akauachia waya.

Wanaosema kazi yetu ni kubonyeza vitufe tu, waje tubishane. Mwanafunzi wangu akikosea, anayetangulia kuamkia na kusema "kosa langu" ni mimi.

Babu yako