Kiyoyozi Kiitwacho Shallon

Kanombe, Kigali
14 Juni 2025

Mdogo wangu Shallon,

Natumaini hujambo huko Mwanza, wewe na kazi yako. Sisi tupo. Moyo wa Mama bado unamsumbua ila chakula anakula. Nakuandikia kwa sababu nyumba hii unaijua, nikiongea kwenye simu anasikia kila neno.

Paneli zako zimefika. Fundi Jean-Berchmans amezifunga juu ya bati, sita kwa jumla, na kiyoyozi kimewekwa chumbani kwa Mama. Unakumbuka kiangazi cha mwaka jana tuliazima kiyoyozi tukakishindwa, umeme wa wiki nzima uliisha kwa siku mbili. Sasa jua lenyewe linakiendesha mchana kutwa, na umeme wa kununua tunautumia kwa taa tu.

Mama amekipa jina. Saa nne asubuhi, bati likishaanza kuwaka, ananiita, "Vestine, niwashie Shallon." Jirani yetu Athanasie naye anakuja kukaa humo na ususi wake wa vikapu. Juzi alisema Mama ana bahati kuzaa mtoto kama wewe. Nilikuwa nimesimama hapo hapo na beseni mkononi.

Asante kwa vifaa.

Dada yako,
Vestine

Mwanza
28 Juni 2025

Shikamoo dada,

Mimi mzima, namshukuru Mungu. Nimecheka mpaka machozi yamenitoka! Mama ananiwasha na kunizima! Nimewasomea wenzangu kazini, wote wanataka kumjua. Niandikie kila anachosema, usiache hata neno.

Dada, kila Jumamosi zipanguse paneli kwa kitambaa na maji. Vumbi la kiangazi cha Kigali nalijua, na zikichafuka hazitoi nguvu. Sasa utapumzika kumfunika Mama zile kanga za maji. Nitumie picha ya Mama akiwa amelala kwenye ubaridi wake.

Mdogo wako akupendaye,
Shallon

Kanombe
2 Agosti 2025

Shallon,

Salamu. Sisi hatujambo.

Vifaa vyako vimechoka mapema. Kiyoyozi kinazimika saa saba, siku nyingine saa sita, jua likiwa utosini. Labda waliokuuzia walikudanganya. Usihangaike. Nimerudia kumfunika Mama kanga zenye maji, kama nilivyofanya miaka yote minane. Jana alinishika mkono akasema, "Mikono yako ina baridi nzuri, Vestine." Akalala mpaka jioni. Hakuuliza habari ya kitu kingine chochote.

Dada yako,
Vestine

Mwanza
10 Agosti 2025

Shikamoo dada,

Tangu nipate barua yako sina raha. Nimempigia Jean-Berchmans. Wiki hii yuko na kazi ya kiwanda huko Masoro, atakuja Jumatano ya wiki ijayo aangalie tatizo ni nini.

Naomba nikuulize jambo, wala si kukukosea heshima. Mbona barua yako ilikuwa na furaha?

Mdogo wako,
Shallon

Kanombe
27 Agosti 2025

Shallon,

Mama yu hai. Naanza na hilo.

Jumanne ya wiki iliyopita nilikwenda Sonatubes kumchukulia dawa. Nilimwacha na kanga mbili mbichi. Foleni ya duka la dawa ilikuwa ndefu, na kanga zikakauka. Saa nane Athanasie akanipigia: "Vestine, rudi haraka, Mama yako namwita haitiki." Nilirudi kwa pikipiki nikilia ndani ya kofia ya abiria. Chumba kilikuwa kama jiko. Alilazwa siku tatu. Daktari alisema ni joto, na moyo wake ungeshindwa kabisa kama tungechelewa.

Kesho yake, Jumatano, nilipitia nyumbani kumchukulia nguo nikamkuta Jean-Berchmans. Alipanda juu, akashuka, akanionyesha kiganja chake. Kilikuwa chekundu chote kwa vumbi.

Sikuzipangusa hata mara moja. Mwanzoni nilijiambia nitafanya kesho. Kisha kiyoyozi kikaanza kuzimika, nikafurahi, na nilijua kinazimika kwa nini. Miaka minane namwogesha, namkata kucha, namgeuza kitandani. Damascène alileta posa nikamwambia asubiri, mpaka akaacha kuuliza. Na katika nyumba hii hakuna hata kijiko kinachoitwa Vestine. Wewe ulituma vyuma tu, vikapata jina siku ile ile. Nilikuonea wivu, Shallon, mpaka nikamwacha mama yetu aungue.

Fundi ameziosha, kiyoyozi kinafanya kazi, Mama amerudi na hajui. Ukitaka kumwambia ni haki yako.

Vestine

Mwanza
11 Oktoba 2025

Dada Vestine,

Shikamoo. Najua umesubiri. Nimeandika barua nne nikazichana.

Nilipomaliza kusoma yako, kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa hofu ya Mama. Ilikuwa furaha. Nilisema moyoni, hatimaye dada ndiye mbaya. Nilikaa na aibu hiyo wiki sita.

Hujui simu zangu zinavyoisha. Mama anaongea nami dakika mbili, halafu anasema, "Ngoja, Vestine ameniletea chai," na anakata. Anakata, dada! Nabaki nimeshika simu. Unadhani zile paneli nilizinunua kwa sababu ya joto tu? Nilitaka kitu changu kiwe chumbani humo mchana kutwa, hata wewe ukiwepo. Hasa wewe ukiwepo.

Sitamwambia. Usidhani nimekusamehe. Nina hasira na nitakuja nayo.

Nimepata likizo ya mwezi mzima, naingia Kigali tarehe mbili Novemba. Nifundishe kumwogesha na kumgeuza, halafu uondoke. Nenda kalale, nenda katembee, kamtafute Damascène kama bado hajaoa. Najua Mama ataniita Vestine, na zaidi ya mara moja. Nitanuna, utanikuta nimenuna. Usinibembeleze. Niache nimalize kumsugua mgongo.

Mdogo wako,
Shallon