Jibu kwa Upupu

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, ingawa mkono unaoziandika ungependa kwanza kukuzaba kofi. U mzima? Unakula? Shangazi anasema umekonda, na kila pikipiki ikipita unaruka kitandani. Mimi mzima wa mwili tu. Saluni nimeifunga; wateja wenyewe wananikwepa kama mwenye ukoma. Baba yu hai, habari zake utazisoma humu. Nakuandikia kwa sababu nataka utoke huko mafichoni kwa miguu yako mwenyewe, na kwa kichwa chako hicho kigumu, najua hutatoka mpaka uelezwe kila kitu.

Ulikimbia, hukuona ulichoacha. Ile ngazi nyembamba inayopanda kutoka kwa kinyozi hadi kwenye ukumbi wa washairi bado ina madoa. Kinyozi ameisugua kwa dawa ya chooni, wapi! Nimeelezwa kuwa jioni ile walikuwa kwenye viti vyao vya plastiki, chupa ya chai inazunguka, na Kinanda, mghani wao, amesimama mbele akilighani shairi la Upupu dhidi ya baba. Alipoufikia ule ubeti wa marehemu mama, kwamba mashairi ya baba yalikuwa yakitungwa na mkewe jikoni, na tangu mama afe mzee anatafuna kalamu tu, ukainuka na spana yako ya magurudumu. Ulimtandika Kinanda ya bega, ukamkamata shati, ukamburuta hadi ngazini. Hao mabingwa wa vita vya maneno wakafunga mlango na kuusukumia meza! Kwa hiyo pale ngazini mlikuwa wawili tu, na alipookotwa chini, taya lilikuwa limevunjika na jicho moja halionekani kwa damu.

Sasa wewe, mtoto wa mshairi, uliyekulia ndani ya kelele zile, ulisahau desturi yao? Anayetaka kumshambulia mwenzake hujificha nyuma ya lakabu, mghani hulighani shairi, na hakuna anayeuliza ni la nani. Aliyeshambuliwa asipojibu kikao kinachofuata, ameshindwa. Kinanda alikuwa koo tu, ndugu yangu. Ila kwa kuwa Upupu hakuwahi kuonekana, na Kinanda alikuwa akizighani zile kejeli kwa raha zake zote, akizungusha shingo, ukajihakikishia kwamba ndiye Upupu. Ungeniuliza hata mimi! Lakini wewe tangu utoto mkono wako hutangulia.

Hospitali walimfunga taya kwa waya. Hakutamka neno tena. Nilikwenda kumwona, nikasimama mguuni pa kitanda nikilia kama mjinga, na mkewe akanitoa nje kwa kunishika sikio, mbele ya wauguzi. Sikumlaumu. Homa ikampanda, uvimbe ukashuka kifuani, akafa. Ndiyo, amekufa. Kaa chini kama umesimama.

Siku aliyokufa, vijana wake wadogo walikuja kwetu. Hawakubisha hodi. Walipiga mlango kwa shoka mpaka bawaba zikang'oka, wakavunja kabati la vyombo, wakamwaga vitabu vya baba uani na kuvitia moto. Nilimrukia mmoja kwa pasi, akanipiga ngumi ya tumbo, nikaanguka nikitapika. Walikuwa wakikutaka wewe. Walipokukosa wakamweka baba mezani, wakamshika mkono wa kulia, na mmoja akachukua nyundo. Wallahi, niliisikia mifupa ya vidole. Na baba hakupiga kelele, wala hakuomba. Alikuwa anawaambia wapige tu, wapige na wa kushoto, kwa kuwa ndiyo mikono iliyoandika.

Hawakumwelewa. Mimi pia nilidhani uchungu umemtia wazimu. Aliyeelewa ni kaka yao mkubwa, yule fundi wa kuchomelea mageti, aliyeingia mbio na kuwatupa nje wenzake mmoja mmoja kama magunia. Alimfunga baba mkono kwa shuka, kisha akamuuliza taratibu ana maana gani. Hapo baba akatapika yote.

Upupu ni baba. Ndiyo, baba yetu. Alisema tangu mama afe hakuna mshairi aliyemchokoza tena. Walikuwa wakimpigia makofi ya huruma kama mtoto wa chekechea, na hilo lilimkata maini kuliko tusi. Akaamua kujishambulia mwenyewe. Alimpa Kinanda zile karatasi mkononi na kumwapisha asimwambie mtu, hata mkewe. Na ubeti ule wa mama, mdogo wangu, ni kweli. Mama ndiye aliyekuwa akitunga, miaka yote ile. Baba alishindwa kuyasema hayo kwa jina lake, akayasema kwa jina la Upupu, na alikuwa ukumbini siku hiyo akingoja aone nani atamjibu. Ni wewe peke yako uliyejibu.

Nilipiga ukelele nikamvuta kanzu mpaka ikachanika. Nilimuuliza kwa nini hakukimbilia ngazini aseme kwamba Upupu ni yeye. Akasema miguu ilimgomea. Sijamsamehe, lakini namlisha kwa kijiko, kwani mkono wa kulia hana tena.

Sasa nisikilize vizuri. Aliyekukabidhi barua hii na kusimama nje ya chumba chako ndiye huyo fundi, mtoto mkubwa wa Kinanda. Ni mimi niliyemwambia ulipo. Usiruke dirishani! Aliapa mbele yangu na mbele ya mama yake kwamba hatakugusa, na mkishazungumza mtakwenda pamoja kituo cha polisi. Angeweza kuja na wadogo zake na petroli. Amekuja peke yake, kwa sababu ana swali ambalo hakuna mwingine duniani wa kumjibu. Baba yake alijua Upupu ni nani. Pale ngazini, kabla hujamvunja taya, alikuwa na mdomo wa kusema. Neno moja tu lingemwokoa. Anataka kujua kama alikufa akitunza siri ya rafiki yake, au kama alikuambia kwamba ni baba yako, ukasikia, na ukampiga tena.

Mfungulie umwambie ukweli, vyovyote ulivyo. Na mimi nitausikia kwake, maana siwezi kulala bila kuujua.

Msalimie shangazi, mwambie asilie sana, presha yake. Baba hajatuma salamu. Nilipomwambia nakuandikia, aligeukia ukuta.

Akupendaye bado,

Dada yako