Gari Lililobebwa Tipoye

Alunguli, Kindu
Tarehe 9 Februari 2025

Mpendwa mpwa wangu Espoir,

Pokea salamu kutoka ng'ambo yetu hii ya mto Lualaba. Baridi ya Liège inakutendeaje? Kifua kimepona? Sisi tunamshukuru Mungu. Mama yako anasumbuliwa na magoti tu, na mimi bado nashika spana, ingawa bila miwani sioni hata gurudumu.

Asante kwa picha, na asante zaidi kwa kuniuliza. Bosi wako anastaafu, anakuachia gari moja kati ya mawili ambayo wakusanyaji wa Ulaya wanayatafuta usiku na mchana, nawe kabla ya kuchagua unamwuliza fundi wa Alunguli! Nimezunguka mtaa mzima na simu, najivuna.

Haya, tuongee kifundi. La kijani ni zuri mno: bodi ya alumini iliyogongwa kwa mkono, injini mbele, paa juu. Njia ikinyooka, litamwacha mwenzake. Lakini likibonyea, nani atalinyoosha? La manjano halina paa, na injini yake ni ndogo, imejificha nyuma ya viti. Ila bodi ni ya fiba, utaiziba mwenyewe, na kwenye kona hakuna wa kulishika, kwa wepesi wake.

Wepesi huo naujua. Hadithi hii umeisikia nusunusu. Wakati wa vita, ukiwa bado tumboni, askari walichukua malori yote ya Kampene, tulikokuwa tukiishi. Wakamwachia Kambale, yule mfanyabiashara wa Butembo, kigari chake cha viti viwili, maana hakibebi hata gunia. Uchungu ukamshika mama yako, nawe umekaa vibaya. Kambale akatupatia gari na petroli yake yote. Mimi nikaendesha kuja huku.

Petroli ikatuishia porini, na mama yako hakuweza kushuka wala kuguswa. Wachimbaji tuliowakuta njiani wakakata mianzi, wakaipitisha chini ya gari, wakalibeba tipoye mabegani kama wanambeba chifu kwenye machela yake. Mimi walinishusha. Walisema tumbo langu linashinda injini! Walipokezana wakiimba mpaka kwa wauguzi wa hapa Alunguli, ukazaliwa mzima. Majina yao sikuyajua. Nawaombea kila Jumapili, pamoja na marehemu Kambale.

Basi mimi nasema la manjano. Mama yako nilipomwonyesha picha, hakuuliza habari za mwendo. Aliligusa kwa kidole, machozi yakamtoka, akaniuliza: "Petroli ikiisha kule Ulaya, iko watu wa kumubeba mutoto wangu?"

Mpigie simu umjibu wewe, hata kabla ya kuchagua gari.

Shangazi yako Germaine anakusalimu, na kijana wetu Soudi pia, anadai jezi.

Mungu akuwekee watu njiani, kama alivyotuwekea sisi.

Mjomba wako akupendaye tangu siku ile ya mianzi,
Isidore